Miezi Minane Chini ya Ponti

Habari ya gari la mkubwa lililokwama hewani nimeisikia ikisimuliwa mara nyingi hapa Lubumbashi, na kila mara inasimuliwa vibaya. Wengine wanasema ulikuwa uchawi wa yule Mgiriki aliyenyang'anywa gereji. Wengine wanatia chumvi kabisa, eti waasi walitoka Angola wakaja kukata nyaya. Ponti ya gereji haishikwi na nyaya. Mimi nilikuwa karani wa gereji ile, nilikuwepo, na gari lilikwama kwa sababu yangu. Kwa hiyo wengine wanyamaze kidogo, nieleze mimi.

Gereji ilikuwa kwenye barabara ya Kipushi. Mwisho wa mwaka 1973 serikali iliamua kwamba biashara za wageni wapewe wananchi, na Mgiriki akaondoka na masanduku mawili. Gereji akapewa citoyen Kunda, yaani mwananchi Kunda, kama tulivyotakiwa kuitana wakati ule, aliyekuwa mkaguzi wa shule. Kunda aliweza kusahihisha barua mpaka ukurasa wote ukawa mwekundu, lakini hakujua mafuta ya injini yanaingilia wapi. Sisemi hivi kumchongea, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kujua jibu kabla ya mwanafunzi, na ghafla akajikuta mahali ambapo kila mtu alijua jibu isipokuwa yeye.

Aliyejua majibu yote pale alikuwa Papa Numbi, fundi mkuu. Wazazi wake walikuja na kazi ya reli kutoka upande wa Kongolo, watu wa misa kila Jumapili bila kukosa. Alikuwa amefanya kazi kwa Mgiriki miaka kumi na tisa. Miaka sita ya mwanzo aliwekwa chumba cha betri, na mvuke wa asidi ulimuulia pua: hakusikia harufu yoyote, si ya petroli, si ya chakula. Alikuwa pia na mdogo wake aliyevuka kwenda Angola mwaka 1967 pamoja na askari wa Katanga walioasi, na hakurudi. Hilo halikuzungumzwa gerejini. Kila mtu alilijua.

Jina langu la ubatizo ni Delphine. Ila tangu mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, na ofisini nilikuwa citoyenne Mwaba, hivyo hivyo kwenye karatasi na kwenye midomo ya watu. Saa sita mchana nilikuwa nachukua mkate wangu na kushuka kula chini ya ponti, kwenye shimo la mafundi, na huko Papa Numbi aliniita Delphine.

"Huku chini haina serikali," alikuwa akisema. "Iko paka mafuta." Mafuta tu, basi.

Ponti ni ile mashine inayoinua gari juu ili fundi asimame chini yake. Ya kwetu ilikuwa na nguzo moja nene ya chuma iliyozama ardhini, ndani ya silinda iliyojaa mafuta. Pampu ya umeme ilisukuma mafuta ndani ya silinda, nguzo ikapanda na gari lake. Umeme ukikatika kulikuwa na pampu ndogo ya mkono. Siku moja Peugeot 404 ilikuwa juu na umeme haupo, Papa Numbi akanikabidhi mpini.

"Kamata huyu mukono, Delphine. Pompa."

Nilikuwa na kilo arobaini na nane, pamoja na viatu. Nilipampu mara tano, na lile gari likapanda upana wa kidole. Nilipiga kelele mpaka watu wa ofisi jirani wakachungulia.

Papa Numbi alicheka, akanishika kidole gumba. "Angalia ukucha yako. Pistoni ya hii pompe iko ndogo, inaenea kucha kumi na mbili, basi. Weye unakanyaga mafuta, kila ukucha inapata kilo ine. Mafuta iko mu chuma, haina fasi ya kukimbilia, na haijikunje. Inafanya nini? Ile kilo ine, inaipeleka fasi yote sawasawa. Ku juu, ku chini, ku pembeni. Sasa pistoni kubwa, ile yenye kubeba gari, inaenea kucha mia tano. Kila ukucha inapata kilo yake ine. Fanya hesabu."

Nilifanya hesabu. Kilo elfu mbili.

"Basi ni nguvu ya bure," nilisema.

"Ya bure, wapi! Umeshusha mukono mara tano, gari imepanda kidole moja. Kile unapata mu nguvu, unakipoteza mu njia. Mashine haimupe muntu bure."

Nilimuuliza basi hayo mafuta yana nini cha pekee. Nakumbuka mahali nilipokuwa nimekaa, kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mkate wangu mapajani.

"Haina kintu," alisema. "Hata maji inaweza. Kintu yote ya majimaji, ukiifinya haijikunje. Maji shida yake ni kutu. Ile mashine inaomba ni kufungwa muzuri na hewa isiingie. Ukiacha hewa, unafinya hewa, gari haipande."

Hata maji inaweza. Maneno hayo niliyahifadhi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kupiga taipu, na sasa nilijiona mhandisi.

Oktoba 1974, mwezi wa joto kali kabla ya mvua, mpira mmoja wa ponti ulipasuka. Lita themanini za mafuta mekundu ya Mgiriki zikamwagika sakafuni, tukazifunika na vumbi la mbao. Mpira ulipatikana. Mafuta hayakupatikana. Papa Numbi alizunguka mji mzima, akaenda mpaka kwa binamu zake waliokuwa mafundi wa migodini, akarudi mikono mitupu. Wiki nzima ponti ililala chini, na magari ya watu ambao citoyen Kunda alikuwa amewaahidi yakasimama uani. Kila siku Kunda alizidi kupandisha sauti. Alimwambia Papa Numbi atafute mafuta mengine yoyote, na Papa Numbi akajibu kwamba ponti inataka mafuta ya mashine, hakuna mengine. Alisema hivyo mbele ya mafundi wote, na Kunda akarudi ofisini ameiva kwa hasira.

Mimi ndiye niliyemfuata. Hakunituma mtu. Nilimwambia kwamba si lazima yawe mafuta ya mashine, kitu chochote cha majimaji kinaweza, Papa Numbi mwenyewe amenifundisha. Maji hapana, kwa sababu ya kutu. Lakini mafuta ya mawese hayakiletei chuma kutu. Mama yangu huyapaka kwenye visu. Na yana rangi nyekundu kama yale ya Mgiriki.

Citoyen Kunda aliniangalia kama mkaguzi anavyomwangalia mwanafunzi aliyenyoosha mkono kati ya darasa la vichwa vigumu. Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi sana.

Jumapili, Papa Numbi akiwa misani, nilikwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, nikanunua bidoni nne za mawese, za lita ishirini kila moja, na mtu wa mkokoteni akanisaidia kuzifikisha. Tuliyamimina sisi wawili, mimi na bosi wangu, tukiyachuja kwa kitambaa. Jumatatu Kunda alitangaza kwamba alipata mafuta Kipushi, ya kutoka ng'ambo, Zambia. Mimi nikaandika kwenye rejista: mafuta ya ponti, lita themanini, Kipushi. Papa Numbi alijaribu ponti. Ikapanda. Ikashuka. Akachovya kidole, akayasugua kati ya vidole viwili, akasema, "Mafuta muzuri."

Kwa pua yoyote nzima pale palinuka jikoni. Wale mafundi wengine wawili walinitazama, nami nikawakonyeza, na hawakutaka kuingilia mambo ya bosi.

Watu huniuliza kwa nini sikumwambia baadaye, mtu aliyenikirimu vile. Kunda alikuwa amenikataza, hilo ni kweli, lakini silo jibu. Mwanzoni niliona ni mzaha mtamu, kwamba nimemshinda mwalimu wangu kwa somo lake mwenyewe. Kisha nikaona ni jambo lililopita. Kisha nikaona nimechelewa mno kulisema. Na kila siku saa sita niliendelea kushuka shimoni na mkate wangu, tukala chini ya magari yaliyobebwa na mawese, akaniita Delphine.

Ponti ilifanya kazi msimu wote wa mvua. Baada ya Pentekoste baridi ikaingia, na asubuhi ponti ikaanza uvivu. Ilipanda kwa kuguna, ikashuka polepole mno. Ikifika saa nne jua likipasha uani, inakuwa nzima. Papa Numbi alibadilisha kile alichoweza kubadilisha, akasafisha, akalala chini ya nguzo na taa akiisikiliza. Mwishowe akawa anaanza kazi ya ponti saa nne.

"Imezeeka," alisema. "Sawa miye."

Jumatatu moja ya Juni, mwaka 1975, Chola alituletea Mercedes nyeusi. Chola alikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa Chama; mkubwa mwenyewe amekwisha kufa na jina lake silitaji. Ekzosi ilikuwa imetoboka, na gari lilinguruma hata mkubwa akaona aibu. Kesho yake saa nne asubuhi lilitakiwa uwanja wa ndege wa Luano kupokea wageni kutoka Kinshasa. Papa Numbi alilipandisha mchana, akaanza kulehemu. Saa kumi na nusu umeme ukakatika. Akaamua kuliacha juu, amalize asubuhi mapema.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kuumiza meno. Nyumbani kwetu, mtaa wa Annexe, mama alinituma niweke chupa ya mawese karibu na mbabula, jiko letu la makaa, kwa sababu yalikuwa yameganda. Kila nyumba ya Lubumbashi hufanya hivyo mwezi wa Juni. Niliigeuza chupa kichwa chini na ndani hakikusogea kitu. Niliyayeyusha, nikamimina kwenye maharagwe, nikaenda kazini. Sikuwaza lolote.

Umeme ulikuwa umerudi, Papa Numbi akamaliza kulehemu mapema, akafungua koki ya kushushia.

Kushuka kwa ponti hakuhitaji mashine. Unafungua koki tu, na uzito wa gari wenyewe unayasukuma mafuta yatoke kwenye silinda, yapite kwenye bomba jembamba, yarudi kwenye tanki. La kwetu lilipita nje, ukutani, kwenye kivuli, mpaka tanki lililokuwa uani. Papa Numbi alifungua koki nusu. Gari halikusogea. Akafungua yote. Gari likabaki pale pale juu ya vichwa vyetu, linang'aa.

Saa mbili Chola alifika, akatazama juu, akakaa chini kwenye tairi. Saa mbili na robo alikwenda kupiga simu. Saa mbili na nusu akaja bwana mmoja aliyevaa abakosti, ile suti ya enzi zile isiyo na tai, ya rangi ya kahawia, mwenye mafua makali. Hakusema anatoka ofisi gani. Kila mtu alijua watu wa namna ile wanatoka wapi.

"Fundi ni nani?"

"Ni miye," alisema Papa Numbi.

"Jina?"

"Numbi."

Yule bwana alipenga kamasi, akakunja leso yake vizuri. "Numbi wa Kongolo. Mudogo yako eko wapi siku hizi?"

Papa Numbi aliangalia chini. Hata sisi wengine tuliangalia chini.

"Sikia, citoyen," alisema yule bwana, bila hasira hata kidogo. "Gari ya Chama munaipandisha, siku ya bageni haishuke. Kwetu ile kintu iko na jina. Inaitwa sabotage, hujuma ya Chama. Neuf heures et demie, kama haiko chini, tunakwenda na weye Kasapa."

Kasapa kuna chuo kikuu na kuna gereza, na hakuna aliyedhani kwamba Papa Numbi, kwa umri wake, anapelekwa kusoma.

Tulibaki na muda wa saa moja, mpaka saa tatu na nusu. Papa Numbi alifanya kazi bila haraka, kama siku nyingine yoyote. Aliikagua koki kwa nje, akaigonga kwa ubao. Alitumbukiza kijiti kwenye tanki kikatoka kikavu, jambo la kawaida, kwa sababu gari likiwa juu mafuta karibu yote yako chini yake. Alijaribu kuipandisha ponti kidogo kwa mkono ili koki iachie, na mpini haukuenda. Nilimwona akisimama, mikono kiunoni. Alikuwa akiitafuta mashine anayoijua, na mashine ile haikuwepo tena. Ilikuwa nyingine, niliyoitengeneza mimi.

Nilikuwa mlangoni mwa ofisi. Getini, Mama Constance alikuwa anakaanga maandazi yake kama kila asubuhi. Kopo lake la mawese lilikuwa limeegemezwa kwenye mbabula, limeinama kuelekea makaa, na mafuta yalianza kulegea upande mmoja. Nililitazama lile kopo. Nikaikumbuka chupa ya mama iliyoganda.

Niliingia kwa citoyen Kunda. Alikuwa ameketi mbele ya karatasi tupu.

"Patron, ni baridi. Mawese imeganda mu tuyau, mu ile bomba ya inje."

"Funga mlango," alisema. Nikafunga. "Citoyenne Mwaba, hakuna mawese. Kuna mafuta ya Kipushi. Yameandikwa kwenye rejista, kwa mkono wako."

Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Gereji aliyopewa kwa tamko ingeweza kuondoka kwa tamko, na yeye nayo.

Basi nikajaribu njia ya mwoga. Nilitoka nikachukua mbabula ya Mama Constance, makaa yamewaka vizuri, yeye akinifuata nyuma akiniuliza kama nimerukwa na akili. Niliibeba mpaka ukutani, nikainama niiweke chini ya lile bomba. Nilidhani moto utafanya kazi, gari litashuka, na hakuna atakayeuliza neno.

"Moto!" Papa Numbi alinijia mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia. "Moto mu garage? Essence iko hapa, petroli, we unaleta moto?" Aliinyakua mbabula kwa mikono mitupu, akaitoa nje ya geti, akarudi anapuliza vidole. "Ju ya nini? Niambie! Ju ya nini?"

Watu wote walikuwa wamesimama. Yule bwana wa mafua, Chola, wale mafundi wawili. Citoyen Kunda alikuwa ametokea mlangoni.

"Papa," nilisema, "mule ndani haina mafuta ya machine. Iko mawese. Ni miye nilinunua, ku soko ya Kenya. Bidon ine."

"Huyu mwana anasema uongo," alisema Kunda kutoka mlangoni, lakini alisema kwa sauti ndogo.

Papa Numbi hakumgeukia. Aliniangalia mimi, akauliza swali moja tu.

"Tangu wakati gani?"

"Octobre."

Alihesabu kwa vidole. Alifika cha nane, akakitazama kidogo. Kisha akaenda kuchukua spana.

Alifunga koki ili silinda ibaki na nguvu yake, akafungua kiungo cha bomba upande wa nje, akaingiza waya. Waya ulitoka na kipande cha kitu cha rangi ya chungwa, kigumu kama mshumaa. Akakipeleka puani, mazoea tu, kisha akakumbuka. Akampa yule bwana. Yule bwana alikinusa mara mbili na mafua yake, hakupata kitu. Wakasimama hivyo, wanaume wawili wasio na pua, wanatazama kipande cha mafuta. Ni Mama Constance, aliyekuja kudai mbabula yake, aliyechungulia kati yao.

"Ile ni mawese," alisema. "Tena ya zamani. Balikuibia."

"Maji ya moto," alisema Papa Numbi. "Mingi. Fasi yote yenye kuko maji ya moto, mulete."

Mama Constance alitoa sufuria yake, majirani wakatoa birika zao. Papa Numbi alirudisha kiungo, akalivisha bomba magunia kuanzia ukutani mpaka kwenye tanki, akamimina mwenyewe, kidogo kidogo, akirudia kutoka mwanzo kila alipofika mwisho. Mimi nilikuwa nabeba birika. Alizipokea mikononi mwangu bila kuniangalia. Yule bwana alitazama saa yake mara tatu.

Kisha Papa Numbi akaenda kwenye koki, akaigeuza robo. Tanki lilitoa sauti moja, donge likadondoka ndani. Halafu donge jingine. Halafu tukasikia mafuta yanatiririka, na Mercedes ikaanza kushuka. Ilishuka taratibu sana, shibiri kwa shibiri, na Papa Numbi hakuuondoa mkono wake kwenye koki hata tairi zilipogusa chini. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Chola aliingia ndani ya gari bila kuaga mtu.

Yule bwana alikuwa bado hajaondoka. "Nani aliweka mawese?"

Citoyen Kunda alikuwa anatazama viatu vyake. Nilifungua mdomo niseme mimi. Papa Numbi alinitangulia.

"Huyu mutoto, ni miye nilimufundisha. Nilimwambia hata maji inaweza kubeba gari. Ile ni kweli. Ila sikumwambia juu ya baridi. Kosa ni ya mwalimu."

Yule bwana alipenga kamasi tena. Huenda aliona anachoweza kupata pale ni msichana mmoja na mzee mmoja, na wageni wanatua Luano baada ya dakika arobaini. Akasema tuandike ripoti, imfikie kabla ya saa sita, akakimbilia gari. Niliipiga taipu mwenyewe. Kwenye mstari wa sababu niliandika: baridi. Kunda akasaini bila kusahihisha hata nukta. Hakuna aliyekwenda Kasapa.

Saa sita nilishuka shimoni bila mkate. Papa Numbi alikuwa amekaa kwenye ndoo yangu, ameifungua ile koki ya shaba na kuiweka kwenye kitambaa. Mawese yaliyochacha yalikuwa yameila. Ndani ilikuwa ya kijani, na mahali pa kuzibia palikuwa pamechimbika, pamebaki pembamba kama karatasi. Alinipa niishike.

"Papa, unisamehe," nilisema. Nilikuwa nalia, na sikujificha.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sikia. Miye nilikuwa nalala hapa chini. Miezi munane. Nilikuwa nawaza najua kile kinanishikia gari."

Wiki ile aliyakamua mawese yote, akaosha silinda kwa mafuta ya taa, akachonga koki mpya, na ponti ikangoja mpaka yalipopatikana mafuta ya kweli. Ikapona kabisa. Jumatatu ya kwanza iliporudi kazini nilishuka na mkate wangu saa sita, kama zamani. Alikuwa amelala chali chini ya Peugeot, miguu tu inaonekana.

"Citoyenne Mwaba," alisema, "unipatie clé ya treize."

Nilimpa ile spana ya kumi na tatu. Akasema aksanti. Nilidhani amesahau kwamba tuko shimoni, nikangoja kesho, na kesho kutwa.

Tulifanya kazi pamoja miaka tisa zaidi. Hakunikaripia hata siku moja. Aliniulizia hali ya mama kila Jumatatu, alikuja kwenye ndoa yangu akacheza, na mwanangu wa kwanza alipougua alimbeba yeye mpaka hospitali. Juu ofisini, chini shimoni, nilikuwa citoyenne Mwaba.

Mwaka 1990 Chama kimoja kilikwisha. Neno citoyen likaondoka nacho, na watu walirudishiwa majina yao ya ubatizo. Mitaani waliitana Alexis na Edith kwa sauti kubwa, kama watoto waliopewa viatu vipya. Jumapili iliyofuata nilimkuta Papa Numbi nje ya kanisa, amezeeka, anategemea fimbo. Nilimsalimu, nikamshika mkono, nikalisubiri jina langu kutoka mdomoni mwake.

"Jambo, Mama Mwaba," alisema. "Kwako beko bazima?"

Nikamjibu kwamba kwangu wote ni wazima, nikamvusha barabara.